Mashine ya Watu

Siku ya thelathini na tatu baada ya kumzika kaka yake, Karani aliitwa kituo cha polisi akaulizwa yeye ni mkandarasi wa namna gani.

Mpelelezi alikuwa mwanamume mpana mwenye sauti ndogo ya upole, sauti ambayo ungedhani ameiazima kwa mtu mwingine. Aligeuza karatasi juu ya meza ili Karani aione vizuri, akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Mwandiko huu ni wako?"

"Ni wangu, afande."

"Nisomee hapo."

Akasoma. Kazi ya mkodi: mkandarasi wa sakafu.

"Haya, mkandarasi. Mwaka huu umeshamaliza sakafu ngapi?"

"Hata moja."

"Kazi yako hasa ni nini?"

"Napiga chapa. Nina kibanda karibu na mahakama. Natoa fotokopi, naandika barua za watu, viapo, mikataba ya nyumba."

"Mikataba," mpelelezi alisema polepole, kama mtu anayeonja chumvi kwenye mchuzi. "Kutwa unaandika mikataba ya watu, halafu wa kwako hukuusoma."

Ndivyo ilivyokuwa. Siku ile kaka yake alikuja kibandani mbio mbio, nguo zina vumbi jeupe la mawe, akamwambia afunge kwa nusu saa tu. Alikuwa amepoteza kitambulisho, na bila kitambulisho hakodishwi mtu mashine. "Wewe unacho. Weka jina lako tu, kazi ni yangu," alisema. Walipofika kwenye mstari wa kazi, yeye mwenyewe ndiye aliyemnong'oneza: andika mkandarasi, mpiga chapa hawampi mashine ya kusaga sakafu hata akilia. Wakacheka wote wawili. Karani akaandika. Kwenye mahali pa kazi akaandika nyumba ya daktari wa meno, kwa kuwa huko ndiko kaka alikokuwa akielekea wiki ile. Kwenye simu akaandika namba ya kaka. Akatia sahihi.

Kaka yake huyo watu walimwita Kioo. Alikuwa fundi wa terazo, zile sakafu za saruji iliyochanganywa na chembe za mawe, ambazo hukaa wiki nzima zikiwa mbaya kama barabara, kisha zikapitishwa mashine mpaka zing'ae. Sakafu yake ukiinama unaiona sura yako. Jina la Karani pia alilitoa yeye, tangu walipokuwa watoto, kwa sababu dada mtu ndiye aliyekuwa akimwandikia kila kitu.

Upande wa pili wa meza alikaa mwenye mashine. Mji mzima ulimwita Risiti. Hata ukimuuliza saa, walisema, angekuandikia. Alikuwa na miwani iliyofungwa kamba, na faili mapajani. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililomtisha Karani zaidi.

"Mashine ilitakiwa irudi Jumamosi ya tarehe kumi na sita," Risiti alisema. "Nikapiga simu. Imezimwa. Nikapiga wiki nzima. Nikaandika barua ya madai, siku saba, nikaipeleka kwa rejista kwenye anwani mliyoniandikia. Daktari wa meno akanirudishia. Anasema mashine hiyo hajawahi kuiona kwa macho."

"Kaka alifariki Ijumaa ya tarehe kumi na tano," Karani alisema.

"Nimeambiwa. Poleni sana." Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Lakini mashine haikufa, mama. Mwaka jana nimeibiwa tatu kwa mtindo huu huu. Mtu anakuja na jina zuri, anachukua, anauza mji wa pili. Nikisamehe ya nne nifunge duka."

Mpelelezi alieleza mambo kwa mpangilio, bila kupandisha sauti. Kuchelewesha kitu cha kukodi si kosa la jinai, ni ugomvi wa watu wawili na mkataba wao. Lakini mtu akikichukua kwa maneno ya uongo, akakihamisha bila kumwambia mwenyewe, akadaiwa kwa barua asijibu, na kitu chenyewe kisionekane, hapo sheria inauliza alikuwa na nia gani tangu mwanzo. Na hapa, maneno ya uongo yapo kwa mwandiko. Mashine haikwenda kwa daktari, ilikwenda kwenye nyumba mpya ya Mwalimu, ile ya ghorofa ambayo mwenyewe yuko safarini. Barua ilitumwa. Mashine haipo. Polisi wameshafika kwa Mwalimu, wamekuta sakafu imekamilika na vyumba vitupu.

"Msaidizi wa kaka yako, huyu mnayemwita Nusu Mfuko, ametuambia kitu kingine," mpelelezi aliendelea. "Alhamisi, saa sita mchana, Kioo alimwambia aende nyumbani. Kazi imeisha, nenda kapumzike. Mashine bado ipo pale. Yeye akabaki peke yake. Nikuulize wewe unayeandika viapo: fundi anamwondoa msaidizi wake mchana kweupe, abaki na mashine ya mtu, anamsubiri nani?"

"Sijui."

"Mimi najua. Anamsubiri mnunuzi."

Mpelelezi akasogeza karatasi nyingine, hii tupu.

"Sikiliza, dada yangu. Mimi sina haja ya kukufunga. Naona kabisa wewe ulivutwa. Andika maelezo hapa: marehemu alikutumia jina, marehemu akaiuza mashine, wewe hukujua. Marehemu hashtakiwi. Nafunga jalada, unarudi kwenye fotokopi zako. Usipoandika, Ijumaa saa nne jalada linakwenda kwa mwendesha mashtaka, na mkodi ni wewe. Kujipatia mali kwa udanganyifu. Hiyo si faini ya kuegesha gari vibaya."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

"Naweza kufikiri?"

"Mpaka Ijumaa saa nne unaweza kufikiri utakavyo."

*

Wifi yake alikuwa akianika nguo uani. Alimsikiliza mpaka mwisho huku akikung'uta shati moja la mtoto ambalo lilikuwa limeshakung'utwa vya kutosha.

"Andika," alisema.

"Wifi!"

"Andika, nimekwambia. Mimi ndiye mkewe, na mimi ndiye ninayekwambia. Wakikuweka ndani wewe, watoto hawa nitabaki nao na nani? Yeye hasikii tena. Waseme aliuza, waseme aliiba, waseme alipaa nayo mbinguni. Hasikii."

"Wewe unaamini aliuza?"

Wifi alitundika shati. Akachukua jingine. "Naamini nini mimi? Siku hizo za mwisho alikuwa hasemi. Kifua kinamwuma, hasemi. Mtu ambaye hakuniambia kifua kinamwuma, nitajuaje na mengine?" Akajikaza kisabuni, akaendelea na nguo. "Watoto wanasoma na watoto wa watu. Nami sipendi hilo neno la wizi lisemwe. Lakini nakuhesabu wewe, mtu mzima uliye hai."

Karani hakubishana. Alichukua kapu, akamsaidia kuanika. Alijua wifi hakuwa amesema ubaya. Alijua pia kwamba karatasi ile akishaiandika itakaa kwenye kabati la chuma miaka na miaka, na kila atakayeifungua atasoma kwa mwandiko wake mwenyewe kwamba Kioo alikuwa mwizi. Alikuwa amemwandikia kaka yake kila kitu maishani: barua ya kuomba kazi, kadi ya harusi, maneno ya msalaba wa kaburini. Hilo nalo aliandike?

"Mfuko wake wa kazi uko wapi?" aliuliza.

"Chini ya kitanda. Tangu hospitali waliponipa sijaufungua."

Ulikuwa mfuko wa turubai, mpini umeshonwa upya kwa waya. Karani aliketi sakafuni akautoa kitu kimoja kimoja. Pima maji. Kamba ya kunyooshea. Penseli bapa ya seremala, imechongwa kwa kisu. Nyundo. Chupa ya chai, ndani yake chai imeota ukungu. Akaiweka kando haraka. Mwisho akatoa mwiko.

Mwiko ulikuwa mchafu.

Aliushika muda mrefu. Kaka yake aliweza kulala bila kuoga, na wifi alimpigia kelele kwa hilo miaka kumi na minne, lakini mwiko hakuwahi kuulaza bila kuuosha. Aliusugua kwa mchanga mpaka ukang'aa kama kijiko cha wageni. Alhamisi ile, pengine kifua kilishambana, alishindwa hata hilo. Karani alipokuna kwa ukucha ndipo alipoona jambo la pili. Kilichokaukia pale hakikuwa saruji. Saruji haitoki kwa ukucha. Ulikuwa udongo mwekundu, wa kuchimba tu, uliochanganywa na maji.

"Wifi," aliita. "Kaka alikuwa akijengea udongo kwa mtu?"

"Udongo? Yule? Angekutukana."

Hapo ndipo alipokumbuka cherehani.

Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na kaka kumi na tisa, ndio kwanza anajifunza ufundi. Familia ilikuwa inasafiri mwezi mzima kuuguza bibi yao, na mtaani wezi walikuwa wakiingia nyumba zilizofungwa. Mama hakuwa na kitu cha thamani ila cherehani. Kaka aliisukuma kwenye pembe ya jikoni, akaiziba kwa ukuta wa matofali, akapaka juu na kupiga chokaa, mpaka pembe ikaonekana kama haijawahi kuwepo. Alijengea udongo mtupu, ili siku ya kuubomoa ukuta tofali zitoke nzima. Kabla ya kuweka tofali la mwisho alichukua penseli, akaandika upande wa ndani: Cherehani ya Mama.

"Sasa nani atasoma huko ndani?" yeye Karani alimuuliza.

"Atakayebomoa."

Waliporudi, wezi walikuwa wamebeba mpaka sufuria. Cherehani ilikuwa palepale.

*

Nusu Mfuko alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mrefu, aliyepata jina hilo kwa kuwa kila mara alionekana njiani na nusu mfuko wa saruji begani, akiupeleka kwenye nyumba yake ambayo haikuisha. Ndiye aliyekuwa na ufunguo wa geti la Mwalimu. Jumatano asubuhi aliposikia Karani anataka kuingia, alikuna kichwa.

"Mama, mle ndani wameshapekua. Mimi mwenyewe nilikuwapo."

"Ulipekua nao?"

"Nilisimama mlangoni. Macho yangu yote yalikuwa kwenye pingu za yule askari mwembamba. Ukiniuliza sakafu ina rangi gani, sijui."

"Twende basi ukaione rangi."

Nyumba ilikuwa na paa, na ngazi, na kuta zilizopigwa lipu, lakini madirisha yalikuwa matundu matupu. Mtu yeyote mwenye miguu mirefu angeweza kuingia. Karani alielewa mara moja kwa nini fundi hawezi kuacha mashine pale siku mbili.

"Alhamisi kwa nini hamkuirudisha?" aliuliza.

"Gari. Mwenye pikapu alisema mpaka Jumamosi. Na mashine ile huibebi kwa baiskeli, uzito wake ni wa mimi na wewe na huyo Risiti juu." Nusu Mfuko alishusha sauti. "Mimi nilimwambia nitalala hapa niilinde. Akasema hapana, mwaka ule wezi walipoingia kwa daktari wa macho walimpiga mlinzi akapoteza jicho. Akasema, nenda kwako, hii niachie mimi. Nikaenda. Nikijua ataniita."

"Uliwaambia polisi hilo la mlinzi?"

"Hawakuuliza. Nami nilikuwa natetemeka."

Sebule ilikuwa kubwa. Terazo yake ilikuwa ya rangi ya maziwa yenye chembe za kijani, imegawanywa miraba ya futi mbili mbili kwa vipande vyembamba vya shaba. Vumbi la mwezi mzima lilikuwa limelala juu. Karani alivua viatu bila kufikiri. Alitoa leso, akapangusa mraba mmoja, na sura yake ikamtazama kutoka chini. Akainuka haraka.

Alitembea kando ya ukuta, macho chini. Kila sakafu ya kaka yake ilikuwa na mshipi mweusi upana wa kiganja, unaozunguka chumba kizima miguuni pa kuta. Ulikuwa muhuri wake. Wateja waliosema hawautaki aliwaambia watafute fundi mwingine, na wakanyamaza. Karani aliufuata mshipi: ukuta wa mbele, ukuta wa madirisha, pembe, ukuta wa nyuma. Akafika chini ya ngazi, na mshipi ukakatika.

Pale chini ya ngazi palikuwa na ukuta mfupi ulioanza juu kwenye ngazi ukashuka mpaka sakafuni. Umepigwa lipu laini na chokaa, kama kuta nyingine. Lakini miguuni pake hapakuwa na mshipi mweusi. Miraba ya maziwa ilikwenda moja kwa moja ikaingia chini yake, na vipande vya shaba vikaingia navyo, vikakatwa katikati kama mistari ya daftari iliyofunikwa na kitabu.

"Ukuta huu ulijengwa lini?" aliuliza.

Nusu Mfuko alisogea. Aliinama, akaweka kiganja chini.

"Hapa palikuwa wazi," alisema. "Palikuwa stoo. Mimi mwenyewe nilimwaga terazo mpaka kule ndani, nikagonga kichwa kwenye ngazi mara tatu." Akanyanyuka, macho yamemtoka. "Nani anajenga ukuta juu ya sakafu iliyokwisha kung'arishwa? Hauna hata msingi!"

Karani alikuna lipu kwa ukucha, chini kabisa, mahali ambapo hapangeonekana. Ulitoka unga mwekundu.

Nusu Mfuko tayari alikuwa ameshika nyundo.

"Acha!" Karani alimdaka mkono.

"Mama, imo humu! Nakuapia kila kitu, imo humu!"

"Najua imo. Tukiitoa mimi na wewe, watasema tuliificha mimi na wewe. Watasema tumeogopa tukairudisha. Iache."

"Na kama usiku huu mwizi…"

"Imekaa mwezi na zaidi. Itakaa na leo."

Alisema hivyo kwa sauti kavu, kama anayemweleza mteja kwamba muhuri ni wa kesho.

*

Mpelelezi hakufurahi. Alhamisi alikuwa na shughuli ya kesi nyingine, akasema Ijumaa saa mbili. Ijumaa saa mbili na robo alifika na yule askari mwembamba mwenye pingu, na Risiti akafika na pikapu yake na faili lake. Wifi naye alikuja, ingawa hakuna aliyemwita. Alisimama karibu na mlango, mikono kifuani.

"Nani ameingia humu tangu tulipopekua?" mpelelezi aliuliza.

"Mimi na huyu, juzi asubuhi," Karani alijibu. "Hatukubomoa. Nilikuna hapo tu, tazama, upana wa ukucha."

Mpelelezi alichuchumaa kwa shida, akatazama. Akatazama na miraba inavyoingia chini ya ukuta. Kisha akapita na yeye kando ya mshipi mweusi chumba kizima, polepole, mikono nyuma, mpaka akarudi alipoanzia.

"Bomoa," alisema.

Nusu Mfuko hakutumia nyundo. Alikwangua lipu kwa patasi, akapata ungio, akaanza kuchimba udongo kuzunguka tofali la juu kabisa. Udongo ulimwagika kama unga. Tofali likacheza. Akalivuta kwa mikono miwili, akalishusha, akataka kuliweka chini.

"Ligeuze," Karani alisema.

Upande wa ndani kulikuwa na maandishi ya penseli bapa, herufi kubwa zilizolala upande mmoja, za mtu ambaye maisha yake yote mwingine ndiye aliyemwandikia.

MASHINE YA WATU. IRUDI JUMAMOSI TAR. 16.

Wifi alitoka mlangoni, akaja, akasoma, midomo ikitembea. Akasoma tena. Kisha akaketi palepale kwenye terazo, akajifunika uso kwa khanga, akalia kilio ambacho siku ya mazishi hakikumtoka.

Karani hakulia. Alikuwa anatazama neno Jumamosi. Aliona kwamba kaka alikuwa amekosea herufi moja, akaandika tena juu yake kwa nguvu.

Tofali nyingine zilitoka haraka, nzima nzima. Mashine ilikuwa mle, imefunikwa magunia mawili. Ilikuwa imepanguswa. Waya umezungushwa vizuri ukafungwa kwa kamba. Pembeni kulikuwa na kopo lenye mawe ya kusagia, na Risiti alipiga magoti akayahesabu kwa sauti, moja, mbili, mpaka sita, kisha akalinganisha na faili.

"Yote yapo," alisema. Akachomeka waya kwenye jenereta ndogo aliyokuja nayo kwenye pikapu. Mashine ikanguruma. Akaizima. Alibaki amepiga magoti, mkono juu ya mashine, kama mtu aliyesahau alichotaka kufanya. "Mafundi wenzake wakiirudisha, huwa ina saruji mpaka kwenye masikio. Hii hata mimi sijaiosha hivi."

"Mwenye mali," mpelelezi alimwita. "Unasemaje?"

"Mashine nimepata."

"Na siku zilizopita?"

Risiti alifungua faili, akalifunga. "Siku za msiba sihesabu. Zilizobaki tutaongea mimi na yeye dukani, si hapa." Akamgeukia Karani. "Lakini wewe, mama, karatasi zangu usiziandikie uongo tena."

"Sitaziandikia."

"Hilo bado liko kwangu," mpelelezi alisema. Alikuwa ameweka jalada juu ya ngazi ya tatu, anaandika amesimama. "La mkandarasi. Utakuja ueleze kwa mwandiko wako kwamba uliandika uongo, na kwa nini. Nitaliambatisha. Mwendesha mashtaka ataamua, lakini mtu aliyekusudia kuiba haandiki tarehe ya kurudisha mahali ambapo hakuna wa kumwona." Akatikisa kalamu iliyogoma. "Nilisema anamsubiri mnunuzi."

Karani alimwazima kalamu yake.

Lile tofali polisi walilichukua. Ni kielelezo, mpelelezi alisema, na yule mwembamba akalibeba mpaka garini akilalamika kwamba tangu aajiriwe hajawahi kukamata kitu kizito hivyo.

*

Jalada lilifungwa baada ya wiki tisa. Karani alipewa onyo la maandishi, akalisoma mara mbili na kulihifadhi. Kufidia siku zile zilizobaki za kukodi, alimpigia Risiti chapa fomu mpya za mkataba, maana zile za zamani zilikuwa zimetolewa fotokopi ya fotokopi mpaka maneno yakaanza kuota ndevu. Akamwongezea mstari ambao haukuwapo: jina na simu ya mtu wa kuulizwa, mkodi asipopatikana. Risiti aliusoma, akasema mstari huo una maana, akamwandikia risiti.

Kisha akaenda kituoni kudai tofali.

Mtunza vielelezo alikuwa mama wa makamo aliyekuwa akila karanga juu ya daftari. Alikwenda nyuma, akarudi amelikumbatia, akaliangusha juu ya kaunta.

"Katika kazi yangu," alisema, "nimerudisha simu, baiskeli, meno ya bandia, mbuzi mmoja. Tofali, hili la kwanza. Unakwenda kujengea?"

"Hapana."

"Basi jaza hapa, utie sahihi."

Ilikuwa karatasi fupi, lakini Karani aliisoma kuanzia juu mpaka chini, pamoja na vile vimaneno vidogo vya mwisho ambavyo hakuna anayevisoma. Mama wa karanga akala nyingi wakati huo. Jina. Uhusiano na marehemu. Kazi. Hapo aliandika mpiga chapa, kwa herufi wazi, akatia sahihi.

Nusu Mfuko alimbebea mpaka kibandani, begani, upande ule ule wa saruji. Liko huko chini ya meza ya kuandikia. Wateja wanaokuja na viapo vyao huweka mguu juu yake wakisubiri, na Karani hawakatazi. Ameliegemeza ukutani, maandishi yakiwa upande wa ndani, kama lilivyokuwa.